Mabondia wa Siku Hizi ni Maji Matupu

Kolwezi, Jumatano, 27 Novemba 1957
Nimeaibishwa cercle, klabu yetu wafanyakazi wa mgodi, mbele ya kambi nzima! Nilikuwa naeleza kwa utulivu kwamba mabondia wa uzito wa juu wa siku hizi ni maji matupu. Gazeti limeandika: Patterson, bingwa wa dunia, aliangushwa na mtu aliyekuwa akipigana kwa malipo kwa mara ya kwanza. Ya kwanza! Kalala wa karakana akadakia kwamba Patterson aliinuka akashinda, na kwamba hata Joe Louis wangu, bingwa wa zamani, aliwahi kuonja sakafu. Kisha: "Tata, weye unapigana na kinywa tu." Watu wakacheka. Na shefu wa kambi anatafuta mwamuzi wa ngumi za sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba migodi! Kile kiti cha mwamuzi ni changu. Lazima kiwe changu.

Ijumaa, 29 Novemba
Nimepata dawa ya Kalala. Jirani yangu, tata Badibanga, alipiga ngumi kule Luluabourg enzi za Louis. Atapambana na Mbayo, bondia anayesifiwa na Kalala. Enzi kwa enzi! Shefu kakubali: atakayeleta mshindi ataamua mapambano mengine yote. Sharti, kila bondia afikishe kilo themanini kwenye mizani ya posho. Badibanga ana sabini na nne. Haidhuru.

Jumamosi, 30 Novemba
Siku ya posho. Unga, nyama, mafuta: vyote nimempelekea Badibanga. Mke wangu Kabedi aliuliza kama watoto watakula ngumi. Nikamsimulia habari za Joe Louis. Hazikumwingia.

Jumatatu, 2 Desemba
Badibanga anakula. Nilimwomba akimbie kidogo kwenye njia ya Nzilo. Akasema kukimbia kunapunguza kilo. Akaomba bukari nyingine, sahani ya pili ya ugali.

Jumatano, 4 Desemba, Mtakatifu Barbara
Themanini na mbili! Nilishangilia mpaka padri akageuka. Kengele ikalia. Badibanga akainua mikono, ee, kwa namna ambayo sijaiona miaka mingi. Mbayo akamgusa tumbo. Badibanga akaketi. Hakuanguka, aliketi, akakunja miguu. Nikapiga kelele ainuke. Akanitazama kwa upole: "Tata Tshilombo, ngoja kwanza bukari ishuke." Wakamhesabia kumi.
Kalala ameamua mapambano yote, kitini, kwenye mto. Mimi nilitazama nimesimama, nyuma ya mama mwenye kilemba kikubwa. Nimeumia sana.

Alhamisi, 5 Desemba
Kabedi kapika sombe tupu, majani ya muhogo bila hata mafuta. Nimewaza kutwa nzima, na kosa nimelipata. Ni unga! Unga wa siku hizi unajaza tumbo lakini haufiki mkononi. Maana Badibanga mwenyewe hana kasoro: hata kuketi aliketi kwa ufundi, mgongo wima. Mbayo hawezi kuketi vile. Mwaka ujao tutaanza mapema, na karanga. Nimekwenda kumweleza Badibanga. Alikubali kabla sijamaliza, akauliza kama ziko zilizokaangwa.