Pikapu Itakayonibeba

Jumatatu, 4 Machi
Daktari anasema moyo wangu umechoka. Nikamjibu kwamba hata mwenyewe nimechoka, tumefika pamoja. Hakucheka. Madaktari wa siku hizi! Kaamuru nisinyanyue mzigo, nisipande ngazi, nisikasirike. Basi, kwa kuwa kifo hakipigi hodi, leo naanza kuandika ukweli mtupu. Daftari hili lisomwe nikishafumba macho. Si kabla.

Binti yangu, fundi seremala, ananunua pikapu ya karakana. Muuzaji kampa mbili za kujaribu hadi Ijumaa. Moja ndogo, nyepesi, mafuta inanusa tu. Nimeiita Kibiriti. Nyingine ya tani tatu, magurudumu mawili mawili nyuma, inakunywa mafuta kama harusi nzima. Huyo ni Jemedari. Binti anakitaka Kibiriti. Eti makabati yake ni makubwa kwa macho, kwa uzito si kitu. Mumewe anaunga mkono, kama anavyounga kila kitu, hata mbao.

Mimi namtaka Jemedari. Nimewaambia ni kwa faida ya biashara. Mwongo mkubwa mimi!

Jumanne, 5 Machi
Sababu yenyewe ni hii. Mwezi jana alifariki Karani, jirani yangu wa ukuta mmoja, mshindani wangu wa drafti kwa miaka arobaini. Makaburi yako juu ya kilima kikali. Karani alipandishwa kwa pikapu ya magurudumu mawili mawili! Injini ikanguruma, vioo vya madirisha yangu vikatetemeka, mtaa mzima ukasimama. Hata mimi nilisimama. Mtu aliyekuwa akiiba kete nikipiga chafya!

Sasa mimi, mwalimu wa historia, niliyefundisha nusu ya mtaa huu, nipandishwe kwa Kibiriti? Miguu ikichungulia nyuma kama fito? Heri niahirishe kufa.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata mbinu. Kesho Kibiriti kinapeleka kabati la mfano kwa matroni wa bweni la wauguzi, huko huko kilimani. Akiridhika ataagiza arobaini. Kazi hiyo ndiyo pumzi ya karakana. Tangu mwaka uanze wametengeneza viti vinne na banda la kuku.

Walipokwenda mjini kutwa kununua gundi, nikaanza kuijaza ensaiklopidia yangu ndani ya kabati. Juzuu ishirini na nne. Moja moja. Baada ya kila moja, kiti. Kuanzia saa tatu hadi saa tisa! Kwenye juzuu ya kumi na tatu nilikaribia kuonana na Karani. Nikafunga kwa ufunguo. Kesho Kibiriti kitashindwa mlima, nao watajionea kwa macho yao. Nalala kama mtoto mchanga.

Alhamisi, 7 Machi
Mkosi! Nililazimisha kwenda nao. Wakati wa kupakia mkwe alitokwa jasho, akalalamika kwamba mbao bado mbichi. Kibiriti kikachuchumaa. Moyoni nikashangilia. Tukafika mlimani. Kikakohoa, kikatetemeka, kikalia kama mimi kwenye ngazi. Kikapanda! Hadi juu! Msaliti wa bati!

Lakini hilo si baya kuliko yote. Walipokuwa wakiliteremsha kabati mbele ya matroni, sakafu yake ikaachia. Elimu yote ya dunia ikamwagika miguuni pake. Matroni akauliza kama kabati lisiloweza kubeba vitabu litabeba nguo za nani. Binti akageuka rangi. Akauliza ni nani aliyefanya ujinga huo.

Nikafungua kinywa. Kabla sijasema, mkwe akadakia. Akasema ni yeye, alikuwa akilipima kabati, akasahau kuvitoa. Mhuri wenye jina langu uko kwenye kila jalada! Matroni akasema mtu anayesahau vitabu ishirini na vinne hawezi kukumbuka makabati arobaini. Akatuaga.

Na mimi? Nilisema jua ni kali.

Ijumaa, 8 Machi
Tangu jana binti hazungumzi na mumewe. Amemwambia neno moja tu, "Pisha." Asubuhi mkwe kaniletea chai kama kawaida, macho mekundu. Nikamuuliza kwa nini alinifichia. Akajibu, "Baba, daktari amekataza usisumbuliwe moyo."

Nikakiweka kikombe chini. Miaka sita namwita huyu kijana Bwana Ndiyo.

Nikamwita binti. Nikasema yote: vitabu, Karani, makaburi, Jemedari. Kisha akanipakia kwenye Kibiriti, tukapanda tena mlima, nikakiri upya mbele ya matroni. Alicheka hadi akakaa chini, juu ya ensaiklopidia yangu iliyokuwa bado imerundikwa pale. Halafu akasema sakafu ibadilishwe iwe nene, kabati lirudi Jumatatu, kazi ni yetu. Akauliza ni gari gani lililopanda na mzigo wote ule. Binti akakionyesha Kibiriti. Jioni hiyo hiyo akakinunua. Ushahidi nimeutoa mwenyewe!

Tuliporudi na vitabu akanishika mkono, akasema, "Baba, siku hiyo nitaendesha mwenyewe. Taratibu, usirushwe na hata shimo moja."

Nilitokwa na machozi kidogo. Vumbi la mbao.

Jumamosi, 9 Machi
Leo nimetulia. Nimetubu, moyo ni mweupe. Nimemwomba binti jambo moja tu. Akinitengenezea jeneza, alifanye pana, na sakafu nene kama ya kabati jipya la matroni, kwani nataka kuzikwa na vitabu vyangu. Vyote. Akalia, akasema hajaona mtu apendaye elimu kama mimi.

Mkwe alikuja na futi kamba. Akanipima mabega. Kisha akaziendea rafu, akazipima nazo, akanitazama muda mrefu. Kijana mwerevu, huyu.

Nimehesabu: juzuu ishirini na nne, kamusi nane, atlasi tatu, na tufe langu la chuma lenye ramani ya dunia. Tuone Kibiriti kitapandaje.

Nimempigia simu muuzaji. Jemedari bado yupo.