Theluji ya Mama Kangas

Jumatatu, 9 Desemba
Jua kali. Desemba. Mimi Wendell Kangas, mzaliwa wa Hancock, Michigan, nimetoa taka nje nikiwa na kaptura, kama mtalii aliyeachwa na basi. Mwaka wa pili huu tangu nistaafu na kumleta Mama hapa jangwani Mesa, Arizona, kwa ajili ya magoti yake. Magoti yamepona. Hali ya moyo wangu hakuna aliyeiulizia.

Kwetu, asubuhi ya theluji uliijua kabla hujafumbua macho. Dunia nzima kimya. Hapa naamshwa na jirani, Orville Szymanski, akipuliza vumbi kwenye kokoto za uani kwake kwa mashine. Yeye ni wa Buffalo, mji wa theluji kama wetu. Leo kanieleza kwamba theluji ya kwetu ilikuwa ya kitoto. Kwao ilifika dirisha la ghorofani. Mwaka jana ilifika dirisha la chini. Inaelekea theluji ya Buffalo ya miaka sitini iliyopita bado inaanguka.

Jioni Mama, miaka themanini na sita, katazama kadi ya Krismasi yenye theluji, akashusha pumzi ndefu. Maskini, ana hamu nayo. Lazima mtoto mwema afanye jambo.

Jumatano, 11 Desemba
Jambo limepatikana. Kuna ukumbi wa kuteleza kwenye barafu, mwendo wa nusu saa. Mashine yao hukwangua barafu, machicha yake humwagwa nyuma ya jengo. Nilimwendea msimamizi kwa hila, nikazunguka mbuyu kwa dakika kumi. Akasema nichukue yote, na ya jana pia kama nina nafasi. Hajui alichopoteza.

Nimemdokeza Orville kwamba Jumamosi asikose kuchungulia. Akaniuliza kama nimeanza kunywa.

Jumamosi, 14 Desemba
Pikapu ilijaa hadi juu. Turubai, kamba, kila kitu. Msongamano wa magari haukuwamo katika hesabu zangu. Nusu saa ikawa saa moja na robo. Mwanamke mmoja nyuma yangu aliwasha vifuta kioo, jua likiwaka, akanitazama vibaya mno aliponipita.

Kilichofika nyumbani kilikuwa na ukubwa wa ng'ombe aliyelala. Rangi ya kijivu, na michirizi myekundu ya mistari ya uwanjani. Orville akasogea ugani, akasimama, akauliza kwa upole nimechinja nini.

Nilikuwa nimevaa sweta la sufu na kofia ya masikio. Nikamketisha Mama kibarazani aone. Nikapanda juu ya lundo na ubao wangu wa kutelezea, nikajiachia. Nakiri kwamba kwa sekunde mbili nilikuwa na miaka saba. Sekunde ya tatu nilikuwa ndani ya mpungate.

Jumapili, 15 Desemba
Nimelala kifudifudi. Mama ana kibano, miwani miwili na subira kidogo. Ameshatoa miiba arobaini na moja. Nikamwambia nilifanya yote kwa ajili yake, kwa jinsi alivyoitamani theluji.

"Nani kaitamani?" akauliza.

Nikamkumbusha kadi, na ile pumzi.

"Nilikuwa namshukuru Mungu nimetoka huko. Tulia." Akang'oa mwiba. "Baba yako alikuwa anaingia mgodini alfajiri. Nani alikuwa anaifukua ile theluji mlango ufunguke, nyinyi mwende shule?"

Nikasema sikumbuki.

"Utakumbukaje, ulikuwa umelala, unausifu ukimya. Na kile kilima ulichokuwa ukitelezea uani, mwanangu, ulidhani Mungu ndiye aliyekirundika? Ni mimi, kwa koleo la chuma, na mimba ya dada yako tumboni."

Mama akaendelea kung'oa, sasa taratibu zaidi. Kwa mara ya kwanza nilimwona yule mwanamke kijana, gizani, peke yake, akirundika. Iliniuma kuliko miiba.

Jumanne, 17 Desemba
Nimekaa (kwa mto) na kutafakari kwa kina maneno ya Mama. Kasema kweli kabisa. Kosa langu liko wazi: theluji haikuwa halisi, na mrundikaji hakuwa yeye.

Nimekodi lori lenye jokofu. Jumamosi napanda milimani Flagstaff kuchota theluji ya kweli. Na Mama nimemnunulia koleo jipya, jepesi, la alumini, lenye mpini laini. Nimelifunga kwa utepe mwekundu. Ninavyomjua, atakosa maneno.