Mutawa wa Ngumi za Moto

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mungu wangu! Rosalie ametutolea habari, nimebaki mdomo wazi. Rosalie njo anaongoza mchezo wetu wa dadu: yeye anasimulia, kila mutu anacheza shujaa wake, dadu inaamua kama anaishi ao anakufa. Mwisho wa mwezi bachezaji ba Lilongwe banakutana Area 18. Gari ya kwenda kule iko na nafasi moja tu! Mutu atakayeng'aa Jumamosi, njo ataenda. Mi tangu nifike Dzaleka sijacheza hata siku moja na bantu ba inje ya kambi. Lazima niende. Lazima!

Tatizo ni Lwaboshi. Cherehani yake iko pembeni ya yangu, na shujaa wake ni askari wa chuma asiyekufa. Shujaa wangu wa mwisho aliliwa na mbuzi. Mbuzi!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata! Mutawa wa Ngumi za Moto. Batawa ba ngumi bako katika mchezo tangu zamani, lakini tawi la moto ni langu mwenyewe. Akivuta pumzi, mikono inawaka. Akipiga teke, adui anakuwa majivu. Akikasirika, kila kitu karibu naye kinaungua. Kila kitu!

Nilimusomea Tantine Antoinette, shangazi yangu ninayekaa kwake. Alishituka, mwiko wa nsima, ugali wa huku, ukamuponyoka. Akasema batawa aliobajua Bukavu balikuwa banasali na kupanda kabichi, huyu ni mutawa gani anachoma bantu? Nikamueleza ni mchezo. Akafanya ishara ya musalaba, akanipakulia nsima kidogo kuliko jana.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Rosalie amesoma. Amesema kila nguvu lazima iwe na uzaifu wake. Sikufikiri hata kidogo, nikaandika: akiguswa na maji, moto unazimika, pumzi zote zinaisha. Maji! Hapa penye bamama banagombana na ndoo ku bomba kila asubuhi! Rosalie akakubali mbio mbio, bila swali. Akili yangu inanishangazaga mi mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo zamu ya Lwaboshi. Nilimupa chai na mandazi, nikamushauri kama ndugu: avue ile chuma, moto wangu utamupika ndani yake kama kiazi ku sufuria. Akanishukuru sana, zikomo zisizoisha. Mujinga! Bila chuma atakufa wa kwanza.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Aibu! Sijui hata nianze wapi. Rosalie alifungua mdomo, akasema tuko ku mutumbwi, katikati ya ziwa. ZIWA! Nilisimama. Nilipinga. Akaniuliza kwa upole kama nimesahau yeye ni muzaliwa wa Uvira, pembeni ya ziwa. Yesu! Kweli nilisahau! Mwanamuke anayesimulia hata harusi na mawimbi ndani!

Mamba akatokea. Nilikuwa na hasira, basi mutawa naye akakasirika. Mikono ikawaka. Sasa mutumbwi, jamani, ni mbao. Uliwaka wote na sisi ndani. Tukatumbukia majini, moto ukazimika, pumzi sufuri. Askari wa chuma angezama kama jiwe. Lakini nani alimuvua chuma? Lwaboshi akaogelea vizuri kabisa, akanikokota kwa sikio (mutawa hana nywele) mpaka inchi kavu. Bantu bote bakapiga makofi. Nafasi ni yake.

Nililia. Mbele yabo bote, nililia.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Tantine amesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima gani? Ilikuwa ziwa.

Lakini nimejifunza. Kosa lilikuwa moto! Gari itaenda tena mwezi wa ine, na mi nimeshabuni Mutawa wa Ngumi za Maji. Uzaifu wake: akifika jangwani, nguvu zote zinakauka. Mutoto wa ziwa atatoa jangwa wapi?

Nilimuonyesha Rosalie inje ya kanisa. Alicheka mpaka akashika ukuta, akasema sawa, hakuna shida. Kicheko cha woga, nakijua. Tantine iko ananipigia pasi shati ya kuvaa Lilongwe.