Bata wa Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Msiri wangu, kaa vizuri, leo kuna habari! Kiwandani anatafutwa mwakilishi wa usalama, afya na mazingira. Atavaa kofia nyeupe. Ataingia kila chumba, hata kile cha pampu kinachofungwa kufuli. Kila chumba! Mimi nachanganya rangi za sabuni tangu nimalize shule, na sijui nyuma ya mlango ule kuna nini. Nakonda kwa kutojua.

Tunaoitaka nafasi hiyo ni wawili. Mimi, ninayeitwa Kwanini. Na Bwana Glavu wa mashine ya kukata, ambaye hata akila ndizi havui glavu. Meneja ataamua Ijumaa, mkaguzi akija. Shangazi, msimamizi wa ufungaji, ndiye aliyeniombea kazi hapa. Kanisihi nitulie mpaka Ijumaa. Kutulia tu.

Jumanne, 5 Machi

Sijatulia.

Nilimuuliza meneja maji tunayooshea mapipa yanaenda wapi. Kasema kwenye tangi la kusafishia. Nikamuuliza, amewahi kuyaona yakifika? Kanitazama kama nimemuuliza umri wa mama mkwe wake.

Basi, wazo! Nimwage rangi ya kijani kwenye tundu la maji machafu, nikimbilie tangini, nisubiri. Kijani kikifika, safi. Kisipofika, nimegundua jambo, kofia ni yangu! Kijiko kimoja hukoleza pipa zima. Nikaona kijiko hakitoshi. Nikamwaga kopo. Kwa mikono mitupu, maana glavu zinachelewesha.

Tangini maji meupe. Nimesubiri mpaka kengele ya kutoka. Meupe pe! Sasa kijani changu kimeenda wapi?

Jumatano, 6 Machi

Mikono imegoma kutakata. Limau, mchanga, hata sabuni yetu wenyewe. Aibu ya kiwanda! Nimevaa glavu kutwa. Meneja kanisifu mbele ya wote. Bwana Glavu akanong'ona, tangu lini paka akavaa soksi? Wivu huo.

Alhamisi, 7 Machi

Mama mfuga bata, jirani wa nyuma ya ukuta, kaja getini na bata kwapani. Wa kijani. Kauliza nani kawavalisha wanawe sare ya shule. Siku zote analalamikia povu bwawani kwake, anaambiwa ni mvua. Je, hii nayo ni mvua?

Meneja kaapa, aliyefanya hivi atafungasha virago. Shangazi akatazama bata. Akatazama glavu zangu. Afadhali angenitukana.

Lakini msiri wangu, bata! Kumbe bomba limepasuka chini ya ukuta! Nilitaka kuruka kwa furaha. Nikajifanya nakohoa.

Ijumaa, 8 Machi

Mkaguzi, mama mfupi wa buti kubwa, hakutaka hata chai. Kaanzia kwa bata. Kafuata kijani toka bwawani, chini ya ukuta, mpaka tundu letu. Kisha kaagiza wote tuvue glavu. Bwana Glavu akavua. Mikono laini kama ya kichanga! Mimi nikasema nasikia baridi. Joto lile! Shangazi akanivua mwenyewe, kidole kimoja kimoja.

"Mwanangu, wenzako huuliza kwa mdomo."

"Niliuliza!"

Meneja akaanza kukagua viatu vyake.

Mkaguzi kaamuru bomba lichimbuliwe leo leo, maana sabuni imevuja humo muda mrefu. Bata watapona, manyoya yatabadilika. Akasema nisifukuzwe, maana bila mimi wangeendelea kusingizia mvua. Ila kofia apewe mwenye mikono safi. Na mimi, kasema, nijifunze kuvaa glavu kabla ya kushika kitu, si baada.

Jumatatu, 11 Machi

Bwana Glavu ana kofia. Ana ufunguo. Kaingia chumba cha pampu, katoka anatabasamu. Nikamuuliza kuna nini. Eti siri ya usalama! Roho mbaya ina kofia sasa.

Nimemwapia Shangazi sitagusa tundu la maji tena. Na sitagusa, haki ya nani.

Ila moshi wa jiko la kuchemshia mafuta. Meneja anasema unapanda juu unapotea. Unapotea wapi? Ninalo kopo la poda nyekundu hapa. Glavu ziko kabatini, mbali kweli. Upepo unavuma kwenda ng'ambo ya ukuta, na mama wa bata kaanika mashuka. Meupe.

Msiri wangu, ungekuwa wewe, ungesubiri upepo ugeuke?