Chatu wa Mjomba Nkwabi Machimboni

Alhamisi, 3 Julai 2025

Nafasi imetangazwa! Mtembeza wageni wa Hifadhi ya Kijiji, pale kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa na wajenzi wa barabara ya Bugarama. Zamani shimo na vumbi. Sasa bwawa, matete, ndege wa kila aina. Atakayechaguliwa anapewa gambuti mpya, kofia na filimbi. Filimbi! Mke wangu Violeth anasema tangu anioe, maana ndivyo anavyosema, sijapata cheo hata cha kugawa chai msibani. Ataona.

Tatizo ni Ndaki, jirani yangu. Anajua majina ya ndege wote na anayataja bila kuombwa.

Mama Zipora, mwenyekiti wa kamati, kaamua tushindane kama Wagika na Wagalu, makundi yetu ya ngoma yanayonyang'anyana watazamaji. Sabasaba, saa nne asubuhi, kila mmoja upande wake wa bwawa, tunaanza pamoja. Wageni waende wanakopenda. Saa sita watu wanahesabiwa. Mwenye wengi ndiye mshindi.

Jumamosi, 5 Julai

Nimechungulia mazoezi ya Ndaki. Anawaeleza mbuzi wake habari za korongo. Mbuzi wanasikiliza. Nimetokwa na jasho.

Lakini nimepata akili. Mjomba Nkwabi hucheza ngoma ya nyoka, na chatu wake, Scolastika, hujaza uwanja kila msimu. Nimekwenda, nikampa shikamoo tatu. Akaitikia moja, akauliza nataka nini. Nikamwambia hifadhi inataka kumpiga Scolastika picha ya kalenda. Mjomba akalengwa na machozi, akamfuta chatu vumbi kwa leso yake mwenyewe. Kamlea miaka kumi na mmoja. Kanionya nisimwachie, na nisimguse mkia.

Mpango: namficha majanini ndani ya gunia, kisha "namgundua" mbele ya watu. Safi kabisa.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Mwanzo mtamu. Nilisimama langoni nikimnong'oneza kila anayeingia kwamba upande wangu kuna mnyama mkubwa. Saa tano nina watu arobaini na mmoja. Ndaki ana mwalimu mstaafu mmoja mwenye darubini. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Saa tano na nusu nikafungua gunia kwa siri. Scolastika amelala. Nikamwita. Kimya. Nikamfinya mkia.

Kwenye ngoma watu humsogelea nyoka kwa sababu mjomba kamshika. Hilo sikulifikiria. Scolastika alichomoka guniani, akapita juu ya viatu vya mke wa mchungaji, akaingia bwawani taratibu kama mwenye nyumba. Watu wangu wote wakahamia kwa Ndaki. Wa kwanza kufika alikuwa Violeth.

Hesabu: Ndaki arobaini na wawili. Mimi sifuri. Mama Zipora akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema jua lilikuwa kali.

Jumanne, 8 Julai

Mjomba kaja. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Amekaa ukingoni anaita Scolastika, Scolastika, kama anayembembeleza mtoto ale. Nimeona aibu kweli.

Kamati imeamua niingie matopeni kila siku mpaka chatu apatikane. Ndaki kaniazima gambuti zake mpya. Zinanibana. Kanitakia heri, mnafiki mkubwa.

Ijumaa, 11 Julai

Leo nimeanguka matopeni mara sita. Ya sita nikasikia vicheko. Kugeuka, ukingo mzima watu! Wamekuja na viti, wanatafuna karanga, wananielekeza: kule, hapana, huku. Wachimbaji wa dhahabu wamekuja kwa bodaboda kutoka Rwamgasa, umbali wote ule. Nimewahesabu: mia moja na saba. Ndaki na filimbi yake kabaki na yule mwalimu. Violeth kanipungia mkono, akawaambia wenzake kwamba yule ni mume wake. Sijawahi kuwa na furaha namna hii.

Saa tisa nikafunua matete karibu na mwamba. Scolastika huyo. Mzima, kanenepa, kajikunja usingizini. Nikamtazama mjomba kule ukingoni, sauti imemkauka kwa kuita. Roho ikaniuma. Ikaniuma sana.

Kisha nikamfunika Scolastika vizuri, nikasimama, nikawatangazia watu kwamba upande huu hayupo. Kesho tunahamia mashariki. Wanaotaka viti vya mbele wawahi.