Hotuba ya Kuzindua Mashine ya Ubongo

Alhamisi, tarehe 9. Leo ni miezi saba na siku nne tangu niondoke nyumbani.

Dada, shikamoo. Barua hii anakuletea mpiga rangi mwenzangu anayerudi huko kesho. Nimemsihi akufikie kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu ndiyo umepanga kupanda basi na mdogo wetu, aje apigwe picha ya kichwa. Najua baba mdogo amesema bila picha ya kuonyesha kwamba ni ugonjwa, mdogo wetu ahame kwake. Na mimi ndiye niliyekwambia umlete. Basi soma kwanza, mizigo utafunga baadaye.

Mashine ya kupiga picha za ubongo imezinduliwa leo, hapa hospitalini tunapopaka rangi. Stendi ya kipaza sauti ilivunjika, nikawekwa mimi badala yake, nikamshikia mgeni rasmi mpaka bega likafa ganzi. Alipoondoka alisahau karatasi zake, nami nakunakilia, pamoja na aliyoyaongeza papo hapo. Yaliyomo kwenye mabano ni yangu.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Viti na Maturubai, waheshimiwa wengine wote kwa kadiri ya uheshimiwa wenu, mganga mkuu, wauguzi, wadau, na wadau wa wadau, mafundi, vibarua, na ninyi wananchi mliosimama juani kwa hiari yenu: itifaki imezingatiwa. (Hiari gani? Msimamizi wetu wa kazi alikuwa ameshafunga geti.)

Nimesimama hapa, mimi Naibu Mratibu Mkuu wa Uratibu, mwenye shahada mbili na ya tatu iko njiani, kuwatangazia kwamba kuanzia leo, saa nne na dakika arobaini, ubongo hautakuwa tena siri ya mwenye nao. (Makofi. Msimamizi alitutazama mpaka tukapiga.) Wataalamu, ambao ripoti yao nimeisoma mimi mwenyewe, ukurasa wa kwanza wote, wamebaini kwamba mtu mwenye skizofrenia, yaani yale maradhi ya kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii na kushikwa na mawazo yasiyobanduka, mara nyingi huwa pia na kasoro ndogondogo za mwendo na viungo, ndogo kiasi kwamba jirani huziita uzembe: kikombe kinamponyoka, vifungo vya shati vinamshinda, ukimwambia ageuze mkono harakaharaka, mkono unachelewa, na kwamba kasoro hizo zinaendana na tofauti ndogo za maumbile ya ubongo, hususan ule ubongo mdogo wa kisogoni unaopima mwendo, pamoja na sehemu za ndani ambazo majina yake ni marefu na mchakato wa kuyatamka unaendelea. (Hapa kipaza sauti kilinishuka mpaka usawa wa tumbo lake, maana alikuwa anamsema mdogo wetu, dada. Kikombe, vifungo, vyote. Na baba mdogo anamwita mlevi.)

Kijana, inua mkono. Ofisi yangu haikulala! Ndani ya fremuweki ya stratejia jumuishi ya kidijitali, tulifanya utafiti wa pailoti hapahapa, jana, kwa kuwatembeza vibarua arobaini juu ya mstari mweupe wa sakafuni, kisigino cha mguu huu mbele ya vidole vya ule, na matokeo yanatisha: thelathini na tisa walitoka nje ya mstari, sawa na asilimia mia moja na nne ukijumlisha waliokuwa likizo. (Mstari niliupiga mimi, kwa kufuata ukuta, na ukuta una tumbo. Yule mmoja aliyepita ndiye fundi aliyeujenga.) Hii ina maana kwamba haja ya mashine ni kubwa kuliko mashine yenyewe! (Vigelegele kutoka kwa kina mama wa usafi. Walidhani amemaliza.)

Muuguzi, hebu njoo uwaonyeshe wananchi kile kipimo cha mkono. Mnaona? Anagonga meza kwa ngumi, kisha kwa ubavu wa mkono, kisha kwa kiganja, na kurudia. Jambo jepesi, hata kiongozi analiweza. Ngumi! Kiganja! Ngumi! Ubavu, ngumi, ngumi... (Alikosea mara tano, saa ikamtoka ikaanguka kwenye glasi ya maji. Muuguzi akamwambia, "Taratibu, Mheshimiwa, hata mzima hukosea akiharakishwa." Akajibu, "Sijakosea, mama. Nimeboresha." Sauti ikatoka nyuma: "Aanze kupigwa picha yeye!") Nani huyo? Hata hivyo maoni yamepokelewa na yatafanyiwa kazi.

(Hapo nikajikaza. Kipaza sauti si ninacho mimi? Nikasema: "Samahani, Mheshimiwa. Mdogo wangu anafika Jumatano kutoka mbali. Atapigwa picha siku hiyohiyo?" Msimamizi akauma kofia yake.)

Swali zuri sana, na kwa kuwa ni zuri sitaliharibu kwa kulijibu. Ninachoweza kukuhakikishia, kijana, ni kwamba mdogo wako tayari yumo kwenye takwimu zetu. Amehesabiwa mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. (Makofi ya meza kuu.) Na sasa, kwa heshima niliyojipa, nakata utepe. Tazameni mashine!

(Turubai likavutwa. Dada, ni karavati. Lile bomba la zege la kupitishia maji chini ya barabara. Tulilipaka rangi nyeupe juzi tukiambiwa ni pambo la bustani. Juu yake wamefunga taa ya baiskeli, inawaka na kuzima. Bibi mmoja akavua viatu, akauliza, "Tunaingia na kichwa au na miguu?")

Utaratibu utatolewa, bibi. Kwa kumalizia, natoa shukrani. Namshukuru mtengenezaji wa mashine, ambaye tutamtafuta. Namshukuru mtaalamu wa kuiendesha, ambaye nafasi yake itatangazwa mara tutakapompata mtu wa kutangaza nafasi. Nakishukuru chumba chake, ambacho kina mlango, ijapokuwa umeme haumo katika awamu hii. Na kwa namna ya pekee namshukuru mjumbe mwenzangu aliyeshauri kwamba, kwa kuwa barua ya kuomba mashine bado haijaandikwa, tusiwanyime wananchi furaha ya uzinduzi kwa sababu ya kitu kimoja tu kilichopungua. Mashine, oyee! (Oyee, ya watu sita.) Ngumi! (Watu wakajibu: Ubavu!) Ubavu! (Kiganja!) Kiganja! (Tukae au twende?) Asanteni kwa kunisikiliza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Magari yalipoondoka nilimfuata yule muuguzi, alikuwa anafuta meza.

"Dada muuguzi, niambie ukweli. Itakuja lini?"

"Kaka yangu, hata ingekuwepo, picha ya kichwa haitoshi kusema huyu ana skizofrenia na huyu hana. Watafiti hulinganisha watu wengi ndipo waione tofauti. Mdogo wako anatumia dawa?"

"Anatumia. Lakini vikombe vinamponyoka na vifungo vinamshinda, kama alivyosema Mheshimiwa."

"Asiache, na asipunguze mwenyewe. Ila hivyo vikombe na vifungo mwambieni daktari wa kliniki yake, maana wakati mwingine dawa nayo hukaza viungo, na hilo yeye anaweza kulirekebisha."

"Huko nyumbani wanasema ni ulevi. Wanataka kumfukuza."

Aliweka kitambaa chini. "Nani anasema?"

"Baba mdogo."

"Ngoja." Akaandika ukurasa mzima kwamba kasoro za namna hiyo hutokea kwa wenye maradhi haya, si pombe wala uvivu, na kwamba daktari wake aulizwe. Akatia muhuri. Karatasi hiyo nimeiweka ndani ya bahasha hii.

Kwa hiyo msije, dada. Basi ni siku mbili, na huku mtaonyeshwa bomba. Mpeleke kliniki ya hukohuko, umweleze daktari habari za mikono. Baba mdogo umsomee karatasi, lakini unamjua, karatasi isiyo na mtu nyuma yake ataifungia tumbaku. Mwambie asimtoe mtu nyumbani mpaka nifike tuongee macho kwa macho. Kazi yetu ya rangi ukumbini inaisha Jumamosi ya wiki ijayo. Jumapili napanda basi. Nitakuwa mlangoni Jumanne, tarehe 21, mchana.