Uso wa Mama Langoni

Jumatatu, Aprili 7

Nimechaguliwa! Picha yangu ya sanamu ya Mama Mazu, mungu wetu wa bahari, itachapwa kwenye bango la mita tatu na kutundikwa langoni mwa hekalu siku yake ya kuzaliwa, tarehe ishirini. Bwana Ou, mpeleka barua mstaafu tunayesoma naye darasa la picha la Jumamosi, kanipongeza kwa uso wa mtu aliyeng'ata limau. Kamera yake ni kubwa kuliko sufuria yangu ya maziwa ya soya. Lakini marehemu mama yangu alifukiza udi hapo asubuhi na jioni kwa miaka arobaini, na kamati ya hekalu haijasahau.

Tatizo: sina programu ya kuhariri picha. Mimi muuza tofu tamu, jibini laini la soya, umri hamsini na mbili, shule niliishia la tisa. Mwalimu Peng katutajia tatu. Ya kukodi kila mwezi: ukiacha kulipa, inajifunga. Ya bure, kazi ya watu wa kujitolea: nzuri, ila lazima uisome kama unaingia mtihani. Ya kununua mara moja: dola za hapa kwetu elfu moja na mia mbili kwa mwenye kitambulisho cha mwanafunzi. Baba Hsiao, akaniambia, chukua hiyo ya tatu ulale usingizi.

Silali. Hizo ni bakuli thelathini za tofu!

Jumanne, Aprili 8

Nimemwuliza Mama Mazu mwenyewe, hekaluni. Nikapiga magoti, nikataja jina, tarehe ya kuzaliwa na mtaa, asije akanichanganya na Hsiao wa matairi. Je, ninunue ile ya Mwalimu? Nikarusha vibao viwili vya kuulizia, vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Ndiyo.

Labda hakusikia vizuri. Nikauliza tena. Ndiyo. Tena. Ndiyo! Tatu mfululizo, jibu ambalo wenzangu wanalililia mwaka mzima. Jasho likanitoka.

Nikabadilisha swali. Je, Mama, ipo ya bure iliyo rahisi? Vyote chali: Mama anacheka. Vyote kifudifudi: hapana. Akacheka tena. Na tena. Mara ya tisa, ndiyo. Mara ya kumi na nne, ndiyo. Mara ya ishirini na kitu, ndiyo. Jumla tatu! Kwamba lazima zifuatane ni ushupavu wa wazee tu.

Sanamu za walinzi wake wawili, Jicho la Mbali na Sikio la Upepo, walinikodolea macho muda wote. Nimetoka kinyumenyume.

Alhamisi, Aprili 10

Nimeipata kwenye tangazo la simu. Ngozi ya Jade. Bure! Kitufe kimoja tu: Pamba. Mke wangu Su-luan akauliza, kitu kisichodai hela kinakula nini? Nikamwambia aache wasiwasi wa watu wasio na imani.

Nimebonyeza nikiwa kibandani, mvuke umefunika kioo cha simu. Picha ikang'aa. Nikaituma kwa mchapaji papo hapo, kabla Bwana Ou hajajitolea kuitazama kidogo. Kadi ya kamera nimeifuta, nisije nikanunua nyingine. Akili hiyo!

Ijumaa, Aprili 18

Bango limepandishwa saa tatu asubuhi. Naandika kwa kifupi.

Mama yetu ni mweusi. Mweusi kwa moshi wa udi wa miaka mia mbili, na watu wanapanda basi kutoka mbali kuja kuinamia weusi huo. Langoni ananing'inia mwanamke mweupe kama tofu yangu. Kidevu kimechongoka. Mashavu ya waridi. Wapiga ngoma wakaacha kupiga. Bibi mmoja akaniuliza huyo ni mwigizaji wa tamthilia gani. Bwana Ou akapaza sauti hadi sokoni: Kaka Hsiao, umempeleka Mama saluni? Bei gani, na sisi twende?

Nilicheka.

Mzee Liao, mwenyekiti wa kamati, hakucheka. Alinivuta kando taratibu, na huo utaratibu ndio ulioniua. Mwanangu, akasema, kwenye ule weusi mna moshi wa mama yako. Umeufuta kwa kidole. Hadi Jumapili alfajiri uso wa Mama Mazu uwe umerudi, la sivyo hutashika tena mpini wa machela ya kumbebea kwenye maandamano. Miaka ishirini nimeushika, bega hili hili!

Nimerudi nyumbani kutafuta picha ya kwanza. Ngozi ya Jade imezipamba picha zote simuni. Hata kuku wa jirani ana kope ndefu.

Jumamosi, Aprili 19

Sijala. Kila upepo ukivuma nadhani ni Sikio la Upepo anasikiliza. Darasani nimekiri yote mbele ya watu. Mwalimu Peng akafumba macho. Bwana Ou akafungua kompyuta yake: siku ile niliyopiga yangu, naye alimpiga Mama picha akiwa nyuma yangu. Mweusi, mtulivu, kila mkunjo upo. Na chini kwenye kona, kipara changu.

Nikamwomba akifute. Akasema hakifuti ng'o, Mama lazima amjue mkosaji.

Jumapili, Aprili 20

Mama amerudi langoni, kwa picha ya Bwana Ou! Nimeushika mpini. Nilipoinua macho langoni nikauona ule weusi, nikamkumbuka mama na vijiti vyake vitatu vya udi, nikalia barabarani kama mtoto. Nimeapa mbele ya Mama: kesho nanunua ya Mwalimu.

Kipara changu pale kwenye bango kina upana wa beseni. Watoto wanakinyooshea vidole.

Jumatatu, Aprili 21

Nilikuwa na kitambulisho cha mwanafunzi mkononi, kweli kabisa. Tangazo likatokea lenyewe. Ngozi ya Jade ya Pili, bure, na sasa inaotesha nywele! Nikakimbilia hekaluni kuuliza. Mama akacheka. Akacheka. Mara ya tatu kibao kimoja kikaviringika hadi kwenye mguu wa Jicho la Mbali, kikaegemea, kikasimama wima.

Wima si hapana.

Mzee Liao amenisamehe, na anataka picha ya kamati nzima kwa ajili ya ukumbi wa wageni. Wazee tisa, vipara tisa. Nimeshabonyeza Pamba.